Ruhusa, Idhini na Kibali: Uhakiki wa Istilahi za Kudhibiti Watumiaji wa Mifumo ya Kompyuta

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimekwisha kuupita ule wakati wa kubishania jina la mashine yenyewe. Ubishi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi ulitugharimu miaka mingi na wino mwingi, na hatimaye wananchi wa Tanzania waliuamua wenyewe kwa kuendelea kusema kompyuta. Sasa limezuka jambo lililo zito zaidi, ingawa halina makelele kama lile la kwanza. Nalo ni maneno yanayotaja nani anaweza kufanya nini ndani ya mashine hiyo.

Siku hizi mradi wa kujenga soko, wa kuchimba visima au wa kutengeneza barabara aghalabu huendeshwa kwa mfumo wa kusimamia miradi kwa mtandao. Humo kazi zote huorodheshwa, kila kazi ikawa na mtu wake, tarehe yake na majalada yake, na watu kumi au mia wakaingia humo kutoka mahali mbalimbali. Lakini wote hawaingii kwa daraja moja. Mmoja husoma tu. Mwingine hubadili tarehe na takwimu. Wa tatu aweza kufuta kazi nzima isionekane tena, na wa nne ndiye pekee asemaye kwamba taarifa imekubaliwa na malipo yafanyike. Madaraja haya ndiyo moyo wa mfumo. Yakieleweka vibaya, fedha za umma hupotea bila ya mwizi kuvunja mlango.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno ambayo wafasiri wetu wameyatumia kuyataja madaraja hayo. Hoja yangu ni moja: kwamba tumelitwika neno ruhusa mzigo wa maneno matano, ilhali Kiswahili kinayo yote matano, tena kinayo kwa ufasaha ambao lugha tunamotafsiri pengine haina.

Dhana yenyewe si ngeni. Ilianza pale kompyuta moja kubwa ilipotumiwa na watu wengi kwa pamoja katika miaka ya 1960, ikawa lazima jalada la huyu lisichezewe na yule. Wenye kuunda Unix, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliigawa dunia ya watumiaji katika sehemu tatu tu, yaani mwenye jalada, kundi lake, na watu wengine wote. Na matendo nayo wakayafanya matatu: kusoma, kuandika na kuendesha. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni za ulinzi zinazofuatwa hadi leo, na mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn walitoa mpango ambao kwao mtu hapewi uwezo kwa jina lake bali kwa cheo anachokishika. Mifumo mingi ya ofisi inayotumiwa Tanzania leo imejengwa juu ya mpango huo wa mwisho. Kwa hiyo mfasiri hana kisingizio cha kusema kwamba dhana bado zinaelea. Dhana zimetulia zamani. Kilichokuwa kikielea ni maneno yetu.

Na tuanze na ruhusa. Neno hili ni zuri, linajulikana na mtoto wa darasa la kwanza, na kwa sababu hiyo mfasiri hulikimbilia. Lakini Mswahili anaposikia ruhusa husikia mambo matatu kwa pamoja: kwamba kuna mtu ameombwa, kwamba amekubali kwa mdomo wake, na kwamba jambo lenyewe ni la muda. Mwanafunzi huomba ruhusa ya kwenda nje. Mtumishi huchukua ruhusa ya siku tatu akazike. Mgonjwa akipona tunasema ameruhusiwa, yaani arudi nyumbani. Katika semina moja niliyohudhuria jijini Mwanza, watendaji wa vijiji na kata walikuwa wakifundishwa kutumia mfumo wa kupangia kazi, na mkufunzi akawaambia kwamba kila mmoja wao amepewa ruhusa ya kuandika taarifa za kijiji chake. Mzee mmoja akanyosha mkono akauliza: “Samahani mwalimu, hiyo ruhusa ni ya siku ngapi?” Watu walicheka, na mkufunzi naye akacheka. Mimi sikuona kosa la mzee. Alilielewa neno kama linavyotumiwa na watu wote wenye kulisema. Aliyelitumia kwa maana isiyokuwamo ni mkufunzi, naye alilipokea hivyo kutoka kwenye kijitabu cha maelezo.

Sisemi kwamba ruhusa halina mahali pake. Simu ya mkononi inapomwuliza mwenyewe kama programu fulani iruhusiwe kutumia kamera, kitenzi ruhusu kimekaa pale kama pete kidoleni: mwenye mali ameombwa, naye anaitikia au anakataa hapo hapo. Lakini karani wa mradi hakuomba kitu, na hakuna aliyemwitikia. Alipewa kazi, na uwezo wa kuifanya ukafuatana na kazi hiyo.

Wafasiri wengine, pengine kwa kuuona udhaifu huo, wamelikimbia ruhusa wakaangukia haki. Hivyo twasoma juu ya haki za mtumiaji, haki ya kufuta, haki ya kuhariri. Hili kwa maoni yangu ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Haki kwetu ni kitu ambacho mtu anacho hata kama hakuna aliyempa. Akinyang'anywa amedhulumiwa, naye huenda mahakamani kudai. Je, msimamizi wa mfumo anapomwondolea karani uwezo wa kufuta majalada kwa sababu karani amehamishiwa idara nyingine, amemdhulumu? La hasha. Lakini skrini ikimwandikia karani huyo kwamba haki zake zimeondolewa, atakuwa na sababu ya kwenda kwa mwajiri kuuliza amekosa nini. Neno haki tuliache kwa yale yatolewayo na Katiba na sheria, kama ilivyo katika Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo jina lake limetumia neno hilo mahali panapolistahili.

Msomaji aweza kudhani kwamba huu ni ubishi wa wenye kukaa na kamusi. Hebu tuitazame Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Kifungu cha 5 kinamkataza mtu kubaki ndani ya mfumo, au kuendelea kuutumia, baada ya kwisha muda alioruhusiwa. Angalia basi: kosa la kwanza lahusu kuingia, la pili lahusu muda. Mtu aliyehama idara, na neno lake la siri halikufutwa, akaingia tena mwezi wa pili kutazama majalada ya zamani, ametenda kosa au hakutenda? Jibu lategemea alichopewa hapo mwanzo, na alichopewa kilielezwa kwa maneno. Kama maandishi ya mfumo yalikiita haki, wakili wake hatakosa la kusema. Kama yalikiita ruhusa bila ya kutaja muda, mwendesha mashtaka naye atakuwa na lake. Na tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani, hakimu hana budi kuyapima maneno haya kwa Kiswahili chenyewe, si kwa kuyarudisha katika Kiingereza kwanza. Huo ndio uzito wa jambo.

Sasa tufike kwenye maneno mawili ambayo naona ndiyo nguzo, yaani idhini na kibali. Katika maandishi mengi yaliyopita mezani kwangu maneno haya hubadilishanwa kama shilingi kwa shilingi. Ukurasa mmoja wasema idhini ya kusoma, wa pili wasema kibali cha kusoma, na wa tatu umerudi kwenye ruhusa ya kusoma, pengine kwa kuwa mfasiri alikwisha kuchoka. Katika riwaya kubadili maneno namna hii ni urembo. Katika istilahi ni maradhi.

Nilipokuwa nikitafuta tofauti ya maneno haya sikuipata katika vitabu kwa wepesi kama nilivyoipata mwaloni. Mtu aliyefika Kirumba au Igombe ajua kwamba ziwa lile, pamoja na kusemwa kuwa ni la wote, lina karatasi nyingi. Mwenye mtumbwi, ambaye wavuvi humwita tajiri hata akiwa na mtumbwi mmoja uliotoboka, lazima awe na leseni. Leseni hiyo si ya safari moja. Humruhusu kuvua kwa kipindi kizima kilichowekwa. Samaki wakisha kuvuliwa na mchuuzi akataka kuwapeleka mbali, hutakiwa kibali cha kusafirisha, nacho ni cha mzigo ule ule uliopimwa siku ile. Mzigo wa kesho wataka kibali cha kesho. Kisha yuko afisa uvuvi, ambaye kazi yake si kuvua wala kusafirisha, bali kutazama na kusema sawa au si sawa. Hapana mtu wa mwaloni anayechanganya mambo haya matatu. Anayeyachanganya mzigo wake hulala njiani, na dagaa hawana subira.

Fundisho la mwalo ni kwamba kuna uwezo wa kudumu alionao mtu kwa kazi yake, na kuna kukubaliwa kwa tendo moja lililo mbele ya macho. Mfumo wa kusimamia miradi una vitu hivyo hivyo viwili. Karani anao uwezo wa kudumu wa kuandika taarifa; lakini taarifa ile ya Jumatatu, baada ya kuandikwa, husubiri mkuu wake aipitie na kuikubali. Tukiviita vyote viwili ruhusa, au vyote viwili idhini, tumeutia ukungu mpaka ambao ndio kinga ya fedha za mradi: aandikaye asiwe ndiye akubaliye.

Napendekeza basi kwamba idhini lihusu tendo, na kibali kimhusu mtendaji. Mkuu huidhinisha taarifa, malipo, badiliko la tarehe. Hiyo ni idhini, nayo huisha na tendo lake. Karani hupewa kibali cha kuandika, kibali cha kusoma, kibali cha kufuta. Navyo hukaa naye hadi atakapoondolewa. Najua atatokea mtu wa Kirumba aniambie kwamba nimeyapindua mambo, kwa kuwa kwao kibali ndicho cha mzigo mmoja na cha kudumu huitwa leseni. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini neno leseni limekwisha kuchukuliwa katika uwanja huu wa kompyuta kwa maana ya mkataba wa kutumia programu, nalo haliwezi kuoa wake wawili katika nyumba moja. Zaidi ya hayo, Kiswahili cha ofisi kinacho kibali cha kufanya kazi nchini, ambacho hupewa mtu na hukaa naye kwa kipindi. Idhini nalo limezoeleka na malipo: katika halmashauri zetu hakuna asiyejua kwamba madiwani hupitisha bajeti, na afisa masuuli huidhinisha matumizi.

Kibali kina faida nyingine ambayo wafasiri hawajaithamini, nayo ni ya kisarufi. Ruhusa na idhini hazibadiliki katika wingi. Ukisema ruhusa zote au idhini nyingi, msikiaji hapati picha ya vitu vinavyohesabika. Kibali na vibali huhesabika kama funguo katika pete. Msimamizi aweza kusema fulani ana vibali vinne, nimemwondolea kimoja, na kila mtu akaelewa. Tena twasema mtu amefutiwa kibali bila ya kusikika kwamba ametukanwa. Kama kuna ubaya wa neno hili, ni ile maana yake ya makanisani ya kupata kibali mbele za watu, yaani kupendeza. Sidhani kwamba karani wa bohari atachanganyikiwa.

Kuhusu cheo ambacho vibali hukifuata, nimekuta dhima, jukumu, nafasi, na katika mazungumzo roli. Dhima wamelizoea wahakiki wa fasihi, na kwao lina kazi ya kutosha. Jukumu ni kazi yenyewe, si mahali pa kuifanyia. Mimi nachagua wadhifa, kwa sababu ofisi zetu zimekwisha kujenga juu yake msamiati mzima: mtu hushika wadhifa, huuacha, huwekewa kaimu, na mkubwa akisafiri hukasimu madaraka yake. Mpango wa Ferraiolo na Kuhn waweza kuelezwa kwa Kiswahili kwa maneno matano bila ya kuazima hata moja kwa Wazungu: vibali hufuata wadhifa, havimfuati mtu. Kitenzi kukasimu nacho ni lulu iliyoachwa mchangani. Mfumo unapomwezesha mkuu wa idara kumpa msaidizi wake vibali vyake kwa wiki mbili, huko ni kukasimu barabara. Lakini ofisini hatukasimu. Tunagawa neno la siri. Mkuu humpigia simu katibu wake akamtajia, katibu akaidhinisha kwa jina la mkuu, na mfumo ukaandika kwamba aliyeidhinisha ni mkuu aliyekuwa yuko Dodoma mkutanini. Nina hakika kwamba sehemu ya desturi hii hutokana na uvivu. Sehemu nyingine hutokana na kwamba kitufe cha kukasimu kimeandikwa kwa lugha ambayo mkuu hakuielewa, akakiruka.

Na wa juu kabisa katika mfumo tumwite nani? Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, inawaita wakabidhi. Wale waliofanya kazi hiyo ya kujitolea wanastahili sifa, maana walitafsiri maneno haya wakati ambapo wengi wetu tulikuwa bado tunajadili kama yatafsirika. Nadhani neno lao walilichota kutoka kwa Kabidhi Wasii, jina la zamani la afisa wa serikali anayesimamia mali za marehemu na amana. Asili hiyo ni ya heshima. Hata hivyo neno limekwenda kombo. Mkabidhi, kwa sarufi ya kawaida, ni yule anayekabidhi, yaani anayetoa kitu mkononi mwake na kumpa mwingine. Aliyepewa ni mkabidhiwa. Msimamizi wa mfumo ni mkabidhiwa. Na kabidhi kama sifa ya mtu, wazee wa pwani hulitumia kwa bahili asiyetoa. Hivyo katika neno moja tumepata mtu anayetoa, anayepokea na asiyetoa.

Huku mitaani watu hawakungoja kamati. Wanasema admini, admini wa kundi, maadmini wamefunga kundi. Sina ugomvi na neno hilo. Limekwisha kuvaa kanzu. Lakini kwa maandishi ya mifumo ya ofisi msimamizi linafaa zaidi, na sababu yake haijasemwa vya kutosha. Kila ukoo Tanzania umewahi kumteua msimamizi wa mirathi. Kila ukoo wajua kwamba msimamizi wa mirathi hushika funguo, hukusanya madeni, hugawa mali kwa wenyewe, naye si mwenye mali. Na akijifanya mwenye mali, warithi humpeleka mahakamani. Maana hiyo hasa, ya mtu mwenye uwezo mkubwa juu ya kitu kisichokuwa chake, ndiyo maana ya msimamizi wa mfumo. Hatukuhitaji kuitunga. Tulikuwa nayo msibani.

Kwa sababu hiyo hiyo nalipinga neno mmiliki kwa yule aliyefungua ukurasa wa mradi katika mfumo. Mmiliki wa soko linalojengwa ni halmashauri, na nyuma ya halmashauri ni wananchi. Kijana wa kompyuta aliyebonyeza kitufe cha kuanzisha hamiliki tofali hata moja. Ukimwandikia kila asubuhi kwamba yeye ndiye mmiliki wa mradi, usishangae akianza kuamini. Mwenye dhamana latosha.

Vyeo vya chini havihitaji maneno mengi. Mwanachama ni mtu wa chama, mwenye kadi na ada. Anayefanya kazi katika mradi ni mshiriki. Mtazamaji ni wa mpira na televisheni. Asiyeweza kubadili kitu ila kusoma ni msomaji. Mhariri lina hatari yake, kwa kuwa katika magazeti yetu mhariri ni mkubwa wa mwandishi, mwenye kukata na kuongeza. Kumbe katika mfumo ni mtu yeyote awezaye kubadili maandishi, hata akiwa mdogo wa wote. Mrekebishaji si zuri masikioni, lakini halidanganyi. Ama mgeni, hapa lugha na mashine zimegongana. Katika mfumo mgeni ndiye mwenye vibali vichache kuliko wote, hukaa mlangoni akaonyeshwa ukurasa mmoja. Kwetu mgeni hupewa kiti na kitoweo kabla ya wenyeji. Ila twajua pia kwamba siku ya tatu hupewa jembe, na wasimamizi wa mifumo wangefanya vyema kuiga hesabu hiyo ya siku, maana akaunti za wageni hubaki wazi miaka na miaka baada ya mkandarasi kuondoka.

Liko neno moja ambalo halijatudhuru sana ila nalitaja kabla halijaenea. Kanuni mashuhuri ya Saltzer na Schroeder yasema kwamba kila mtu apewe uwezo ule tu ambao kazi yake haiwezi kufanyika bila ya huo. Mfasiri atakayefungua kamusi ya lugha mbili kutafuta neno la Kiingereza lililotumiwa hapo atakutana na upendeleo. Akilichukua, atatuletea kanuni ya upendeleo mdogo, na mtumiaji mwenye upendeleo mkubwa. Mwananchi anayesoma kwamba ofisi ya serikali inafuata kanuni ya upendeleo mdogo ataelewa kwamba upendeleo upo, isipokuwa umepunguzwa. Kanuni ya kibali cha lazima yatosha, na hakuna atakayeinuna.

Ufikiaji nalo lanisumbua. Limeenea mno, na wenye kulitumia husema udhibiti wa ufikiaji kana kwamba mtu husafiri akafika. Wengine, kwa kutoridhika, wameandika udhibiti wa upatikanaji. Hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa katika elimu ya usalama wa kompyuta upatikanaji ni jina la jambo jingine kabisa, yaani mfumo kuwa tayari kila unapohitajiwa. Ofisi ikiandika kwamba inakusudia kudhibiti upatikanaji, inasema kwamba inakusudia mfumo usipatikane. Sheria ya mwaka 2016 ilitumia kitenzi kupata kwa taarifa, na Kiswahili cha kila siku hutumia kuingia kwa mfumo. Vitenzi hivi viwili vyatosha. Udhibiti wa uingiaji na matumizi ni maneno marefu kidogo, lakini yanataja mambo mawili ambayo ni mawili kweli: kwanza kumtambua mtu mlangoni, kisha kumpimia anachoweza kufanya akisha kuwa ndani. Mswahili alijua tofauti hiyo kabla ya kompyuta. Mtu hupiga hodi, huulizwa nani, hukaribishwa. Na akisha kukaribishwa huketi barazani, haingii chumbani. Kutambuliwa si kupewa kibali. Maandishi yanayotumia uthibitishaji kwa mambo yote mawili yanamwingiza mgeni chumbani kwa sababu tu ametaja jina lake.

Juu ya neno la siri na nywila nitasema machache, kwa kuwa wengi wamekwisha kusema. Nywila ni fupi na limeshika Kenya kuliko huku. Lakini mamilioni ya watu wanaotuma fedha kwa simu, jambo lililoanza Tanzania mwaka 2008, wamezoea namba ya siri, na neno la siri limekaa karibu nalo kama ndugu. Tena linabeba onyo lake ndani yake: anayekuomba neno lako la siri amekwisha kusema mwenyewe anachokiomba.

Nimalizie na sentensi ambayo watumiaji huiona kuliko istilahi zote nilizozitaja. Karani akijaribu kufungua jalada lisilo lake, skrini humwandikia: Ruhusa imekataliwa. Sentensi hii ni Kiingereza kilichovaa kilemba. Kwa Kiswahili yasema kwamba kuna ombi lililopelekwa, likafika kwa mkubwa, mkubwa akalitazama na kulikataa. Karani hakuomba lolote, na mkubwa yuko nyumbani anakula. Nimeona watu waliosoma sentensi hiyo wakadhani wameshtakiwa, wakaiacha kazi hadi kesho. Ingeandikwa hivi: Huna kibali cha kufungua jalada hili; mwone msimamizi wa mradi. Herufi zimeongezeka, na waundaji wa programu watalalamika kwamba kisanduku ni kidogo. Kisanduku na kipanuliwe.